Nani Azike, Wapi, na kwa Pesa Zipi?

Mzee akikata roho nyumbani usiku, tuseme kule Tetu au Mukurweini, Nyeri, simu ya kwanza haifai kupigiwa mwenye mahema. Apigiwe naibu wa chifu. Huyo ndiye serikali iliyo karibu zaidi katika usajili wa vifo vinavyotokea nje ya hospitali. Karatasi atakayoijaza ndiyo itakayozaa kibali cha mazishi, halafu cheti cha kifo, halafu kila kitu ambacho familia itakihitaji baadaye: pesa za benki, hisa za Sacco, malipo ya majani chai, hati ya shamba. Wengi hukimbilia jeneza kwanza na kuacha karatasi mwisho, kisha majuto yanawapata wakiwa kwenye foleni ya benki.

Kifo kikitokea hospitalini, hospitali yenyewe huandika taarifa na kutoa kibali. Kikiwa cha ghafla, cha ajali, cha kujiua au chenye shaka ya aina yoyote, nendeni kituo cha polisi mkaandikishe ripoti na kupata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Mwili usisogezwe wala kuoshwa kabla polisi hawajafika. Upasuaji wa maiti utafuata, na familia inaweza kuomba daktari wake awepo. Msichukie hatua hiyo. Swali lisilojibiwa mochari hugeuka uvumi kijijini, na uvumi haufukuliki. Hata aliyefia nyumbani kwa ugonjwa uliojulikana, mochari nyingi zitataka barua ya chifu au namba ya OB kabla ya kumpokea, kwa hiyo msipakie mwili kwenye pikapu saa nane za usiku bila kuuliza.

Kitambulisho asili cha marehemu huchukuliwa wakati wa kusajili kifo. Pigeni nakala kadhaa kabla hakijaondoka mikononi mwenu, na mhakikishe jina kwenye kibali limeandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Hapa kwetu kuna tatizo la wazee, hasa akina shosho: hati ya shamba iliyotolewa enzi za kuunganisha mashamba inamjua kwa jina la mumewe, kitambulisho kinamjua kwa jina la babake, na kadi ya kiwanda cha chai inamjua kwa jina la ubatizo. Kosa la herufi moja ni rahisi kulirekebisha leo. Mwaka ujao litahitaji wakili na hati ya kiapo. Kifo kisiposajiliwa ndani ya miezi 6, usajili unahesabiwa kuwa wa kuchelewa, na safari za ofisini huongezeka.

Swali ninaloulizwa kwa uchungu kuliko yote ni hili: hospitali inaweza kuuzuia mwili kwa sababu ya deni? Kwa sheria, haiwezi. Mwaka 1998 Mahakama Kuu, katika kesi iliyohusu Hospitali ya Pandya ya Mombasa, ilishikilia kwamba maiti si mali na haiwezi kuwekwa kama dhamana ya deni. Hata hivyo mambo hutendeka vingine, na familia hukwama wiki nzima huku ada ya mochari ikipanda kila siku. Mfanyeje? Msianze kwa kupiga kelele getini. Ombeni kumwona afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, lipeni kinachopatikana, andikeni makubaliano ya kulipa salio kidogo kidogo, na chifu awape barua inayoeleza hali ya familia. Wakikataa kabisa, wakili anaweza kwenda kortini kwa hati ya dharura. Lakini kumbukeni kwamba mwili kutolewa hakufuti deni. Litadaiwa kwa marehemu, maana yake litatoka kwenye mali aliyoiacha.

Nani ana haki ya kuzika? Hapo ndipo mazishi mengi ya Mlima Kenya huvunjika, na ugomvi wenyewe mara nyingi hauhusu maiti. Huhusu shamba. Kaburi ni ushahidi: linasema huyu alikuwa wa hapa, mke huyu alikuwa mke, watoto hawa ni wa boma hili. Ndiyo maana mtu ambaye hakumtembelea ndugu yake kwa miaka kumi anafika na agizo la korti siku ya mazishi.

Kila Mkenya wa makamo anaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, alitaka kumzika karibu na Nairobi na akasema mumewe mwenyewe alitaka hivyo. Ukoo wa mumewe, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, ukoo ukashinda katika Mahakama ya Rufaa, na mazishi yakafanyika Mei 1987. Tangu hapo korti zimebadilika kiasi. Majaji wengi sasa humtazama kwanza mwenzi wa ndoa na watoto, aliyeishi na marehemu na kumuuguza, na huyapa uzito matakwa ya marehemu ikiwa hayakiuki sheria. Hata hivyo matakwa hayo hayaifungi korti moja kwa moja, kwa sababu hakuna anayemiliki maiti, hata yake mwenyewe. Kwa hiyo kuandika peke yake hakutoshi. Andika, kisha useme mbele ya mke au mume, watoto, na angalau ndugu mmoja mwenye sauti katika ukoo. Matakwa yaliyosikika na watu watano ni vigumu kupinduliwa na binamu mmoja.

Kuna na lile la familia ya pili. Mzee alikuwa na nyumba Othaya na nyingine Nanyuki, na ya Nanyuki haikutajwa mezani. Msidhani kimya kitaifuta. Mtumeni mzee mmoja mwenye busara akazungumze nao kabla ya tangazo kwenda redio ya Kameme au Inooro, na muwaandike watoto wote kwenye wasifu unaosomwa kanisani. Wasifu huo uliochapwa kwa rangi huja kupelekwa kortini kama kielelezo wakati wa kugawa mali, na hakimu atauliza kwa nini watoto watatu hawakutajwa. Mkiona aibu kuwatangaza, fikirini aibu ya waombolezaji mia nne wanapomtazama afisa wa korti akisimamisha jeneza.

Na mke anapofariki kabla ya ruracio, yaani mahari, kukamilika? Baadhi ya wazazi hukataa azikwe kwa mumewe mpaka mbuzi wafike. Maoni yangu ni makali hapa: kumtumia binti yako aliyekufa kudai deni ni kumdhalilisha mara ya pili. Kama kuna la kuzungumzwa, wazee wa pande zote wakae jioni moja, kitolewe cha kutambulisha, kinachobaki kiandikwe, na mazishi yaendelee. Hata hivyo waume nao wasijifanye wameonewa. Ulikuwa na miaka kumi na mitano ya kupanda kwa wakwe zako.

Tuje kwenye ardhi. Kabla kijana hajainua jembe, hakikisheni mawe ya mipaka yako wapi. Msizike kwenye ukanda wa barabara, kando ya mto, karibu na kisima, wala kwenye kipande ambacho tayari kina kesi. Kuzika hakumpi mtu hati. Kama mashamba yenu yamekatwakatwa hadi robo eka, amueni pamoja kona moja ya makaburi ya familia, na muichore kwenye ramani mpimaji anapogawa. Makaburi yaliyotawanyika katikati ya kahawa humfanya mnunuzi arudi alikotoka, na kuhamisha mwili kunahitaji idhini ya serikali. Hakufanyiki kwa panga na ujasiri. Asiye na shamba, na wako wengi Nanyuki, Karatina na Embu wanaoishi kwenye nyumba za kupanga, akazike kwenye makaburi ya umma ya kaunti bila kuona haya. Waislamu wa miji hii wamefanya hivyo miaka yote, tena siku hiyo hiyo, kwa sanda na sala, na kibali wanakipata kwa sababu namba ya chifu wanayo tayari.

Neno dogo kuhusu mvua. Kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Oktoba, njia za miteremko ya Othaya na Mukurweini huwa matope matupu. Gari refu la maiti la kukodi Nairobi, lenye vioo na maua, litakwama kwenye kona ya kwanza na waombolezaji wataishia kulisukuma na suti zao. Kodini gari la juu la hapa hapa. Kaburi nalo lichimbwe siku ya mwisho na lifunikwe kwa turubai.

Sasa lile ambalo watu huniuliza kwa kunong'ona: kuchoma maiti kunaruhusiwa? Naam, na sheria ya Kenya haina pingamizi. Wengine husema si desturi yetu. Ukweli ni kwamba hata kuzika kila mtu nyumbani kwake si desturi ya kale sana. Kabla ya wamisheni na serikali ya kikoloni, Wakikuyu wengi hawakuzikwa kamwe. Walipelekwa kichakani, mahali palipoitwa kĩbĩrĩra, wakaachiwa fisi, na kuzikwa ilikuwa heshima ya wazee wachache wenye mali na uzao. Kugusa maiti kulileta thahu, yaani unajisi, na aliyegusa alihitaji kutakaswa. Kaburi lenye vigae na msalaba tunalolitetea leo kwa jina la mila liliwafikia babu zetu wengi wakiwa tayari watu wazima.

Na mifano haiko mbali. Nendeni makaburi ya kanisa la St. Peter's mjini Nyeri, pale alipolala Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki Nyeri Januari 1941. Mkewe Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, mwili wake ukachomwa, na majivu yakaletwa yakazikwa kaburini mwa mumewe. Mwili na majivu vimelala pamoja mita chache kutoka barabarani, na hakuna aliyewahi kusema kaburi hilo lina kasoro. Wangari Maathai, binti wa Ihithe, aliyefariki Septemba 2011, alikuwa ameomba asikatiwe mti kwa ajili ya jeneza. Akawekwa kwenye jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, akafanyiwa mazishi ya kitaifa, akachomwa Kariokor, na majivu yake yako kwenye taasisi yenye jina lake huko Kabete. Mwanasiasa Kenneth Matiba wa Murang'a alichomwa Lang'ata mwaka 2018. Askofu Mkuu mstaafu wa Kianglikana, Manasses Kuria, alichomwa mwaka 2005, baada ya mkewe Mary kutangulia kwa njia hiyo hiyo. Kanisa Katoliki limeruhusu tangu 1963, ila mwongozo wa Vatikani wa 2016 unataka majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasimwagwe hewani wala kuwekwa juu ya kabati sebuleni. Zungumzeni na padri au mchungaji wenu mapema, msimshtukize siku ya ibada.

Hata hivyo siwacheki wanaosita. Eneo hili lina jeraha lake. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alihukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa pasipo alama, na mjane wake Mukami alifariki Mei 2023 bila kuonyeshwa kaburi. Familia nyingi zilipoteza watu msituni na vizuizini zisijue walikolala. Watu waliowahi kunyimwa kaburi hawawezi kuambiwa kaburi ni upuuzi. Ukitaka kuchomwa, wape wanaobaki mahali pa kwenda: majivu yazikwe shambani chini ya jiwe lenye jina, au chini ya mti wa mũgumo, wapate pa kupeleka maua.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kutoka Nyeri hadi Nairobi ni kama kilomita 150. Kule kuna Kariokor, panaposimamiwa na jumuiya ya Wahindu na kutumia kuni, na Lang'ata panaposimamiwa na kaunti. Wekeni nafasi mapema, mbebe kibali, kitambulisho cha jamaa wa karibu na barua ya ridhaa ya familia. Mwili uvuliwe pete na saa, na kama marehemu alikuwa na kifaa cha kusukuma moyo, daktari akitoe kwanza kwa sababu betri yake hulipuka motoni. Majivu kwa kawaida huchukuliwa kesho yake.

Kuna tahadhari mbili ambazo sitaki mzisahau. Kifo kikiwa chini ya uchunguzi wa polisi, msichome. Moto haurudishi ushahidi. Na kama kuna hata fununu ya mtoto wa nje, chukueni sampuli ya DNA mochari, ihifadhiwe na maabara au wakili. Korti inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe mtoto apimwe. Majivu hayapimiki, na kesi itaishia kwa neno la mtu dhidi ya neno la mtu.

Je, kuchoma ni nafuu? Ni nafuu ikiwa mtachoma tu. Familia nyingine hufanya ibada Nyeri na mahema, kisha msafara wa mabasi hadi Nairobi, kisha ibada nyingine ya kuzika majivu na chakula cha watu mia tatu. Hao wamelipia mazishi mawili.

Hapo tumefika kwenye pesa. Mlima Kenya tuna bahati moja: tunazika upesi, kwa kawaida ndani ya wiki, na kila siku inayopunguzwa ni ada ya mochari, chai ya jioni na nauli zilizookolewa. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilipowawekea waombolezaji ukomo wa watu 15, tulilia kwamba wapendwa wetu wanazikwa kama wageni. Lakini familia nyingi ziligundua kwamba zimemaliza mazishi bila kuuza ng'ombe wala kukopa kwa jirani. Sisemi turudi kwenye watu 15. Nasema tulijua kwamba inawezekana, tukajifanya tumesahau.

Kamati iwe ya watu watano, wasizidi saba: mwenyekiti asiye mtoto wa marehemu, katibu, mweka hazina, mmoja wa kanisa, mmoja wa upande wa kina mama. Mweka hazina asitumie M-Pesa yake ya kila siku. Fungueni namba au akaunti ya kikundi, na hesabu isomwe kila jioni mbele ya wote, kilichoingia na kilichotoka. Bajeti iandikwe kabla ya mchango kuombwa, na si kinyume chake. Ulizeni bei mahali pawili kwa jeneza, mahema, viti, gari na vipaza sauti, mzipate kwa maandishi, kwani mfiwa hukubali bei yoyote anayotajiwa na wafanyabiashara wanalijua hilo. Mkikaza mkanda, anzeni na picha za angani, kipeperushi cha kurasa ishirini na tangazo la nusu ukurasa gazetini. Msikaze chakula cha waliochimba kaburi. Pesa zikibaki, amueni mapema ziende wapi: bili ya hospitali kwanza, karo ya yatima pili. Salio lisilo na mpango ndilo huvunja undugu.

Bora zaidi, msingoje msiba. Kikundi cha kufaana cha kanisani, Jumuiya, Woman's Guild, Sacco au bima ya mazishi ya kampuni inayosimamiwa na serikali, chochote kati ya hivyo hulipa kwa siku chache ikiwa michango haijalala. Someni masharti: mzazi wa mke anahesabiwa? Umri wa mwisho ni upi? Muda wa kungoja ni miezi mingapi?

Mwanasiasa apewe kipaza sauti? Kanisa la Kianglikana, kupitia Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, lilifunga mlango huo ndani ya makanisa yake mwaka 2021. Nyumbani mna uhuru wa kufuata mfano huo. Apokewe, ashukuriwe kwa mchango wake, aketi.

Aliyefia ng'ambo ana hesabu yake. Kuleta mwili kutoka Marekani au Ghuba kunahitaji cheti cha kifo cha huko, hati ya kutiwa dawa, jeneza lililofungwa na karatasi za ubalozi, na huchukua muda. Wengi sasa humchoma huko na kuleta majivu mkononi. Yasafirishwe pamoja na hati ya kuchomwa na cheti cha kifo, kwenye chombo cha mbao au plastiki ambacho mashine ya uwanja wa ndege inaweza kuona ndani yake. Cha chuma kizito kitakataliwa.

Baada ya udongo kufunika jeneza, mikono ikae mbali na mali. Kutoa pesa kwa kadi ya marehemu, kukata miti yake au kuuza gari lake kabla ya korti kumteua msimamizi wa mirathi ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, hata kama wewe ni mtoto wa kwanza na unajua namba ya siri. Ombeni cheti cha kifo mara moja, kupitia Huduma Centre au mtandao wa serikali, kisha barua ya chifu inayotaja warithi wote.

Kwa hiyo, msomaji, chukua karatasi moja jioni hii. Andika unataka kuzikwa au kuchomwa, wapi, nani aongoze, nani asisahauliwe, namba ya bima na ya Sacco, kitambulisho kiko wapi na hati ya shamba iko kwa nani. Tia sahihi na tarehe. Mpe nakala mwenzi wako na mtu mmoja zaidi unayemwamini, halafu waambie watoto kwamba karatasi ipo.